Mababu Wasioandikwa Kitabuni

Kitabu cha Ezra, katika sura yake ya pili, kinasimulia jambo ambalo wengi hulipita haraka kwa kuwa limefichwa katikati ya orodha ndefu ya majina. Waisraeli wanarudi kutoka uhamishoni Babeli, na kila ukoo unahesabiwa. Ndipo wanatokea wana wa Habaya, wana wa Hakosi na wana wa Barzilai, wanaojitambulisha kuwa wa nyumba ya makuhani. Wanatafuta majina ya baba zao katika kitabu cha nasaba, na majina hayaonekani. Kwa sababu hiyo wanaondolewa katika ukuhani na kukatazwa kula vitu vitakatifu, mpaka atakapopatikana kuhani wa kuuliza shauri la Mungu. Mwandishi mtakatifu hasemi kwamba walikuwa waongo. Anasema tu kwamba hawakuonekana kitabuni.

Vijana wapendwa, ninaanza na watu hao kwa sababu wengi wenu mmeanza kuuliza habari za mababu zenu, na mara nyingi swali la kwanza ni hili: vitabu vya sensa viko wapi? Ni swali zuri, lakini limetoka katika nchi nyingine. Uingereza imehesabu watu wake karibu kila miaka 10 tangu 1801, na tangu 1841 majina ya kila nyumba yaliandikwa. Ubelgiji ilifanya sensa yake kubwa ya kwanza mwaka 1846. Mjukuu wa Liège au wa London anaweza kukaa mezani na kumwona babu wa babu yake, kazi yake, mtaa wake na watoto wake. Mjukuu wa Butembo hawezi. Hata mji wenyewe wa Butembo ulikuwa haujakuwapo katika karne ya 19; ulianza kukua katika miaka ya 1920, wakati kampuni ya dhahabu ya Minière des Grands Lacs ilipoingia katika nchi ya Lubero.

Nchi yetu yote imefanya sensa moja tu ya kweli, ile ya Julai 1984. Kabla yake kulikuwa na hesabu za serikali ya kikoloni, na kabla ya hizo hakukuwa na karatasi. Jambo hilo lingeweza kuwa huzuni ya wanahistoria peke yao, kama lisingaliingizwa katika sheria.

Tarehe 29 Juni 1981 Jamhuri ya Zaire ilitunga sheria mpya ya uraia. Raia wa asili, ilisema, ni yule ambaye mmoja wa mababu zake alikuwa wa kabila lililokaa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Tuitazame tarehe hiyo. Ni siku ambayo Leopold II, mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo hata mara moja, aliyatangazia mataifa ya Ulaya mipaka ya dola yake. Siku hiyo kituo cha dola hiyo kilichokuwa karibu na sisi kilikuwa Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani, na kati ya hapo na Beni kulikuwa na msitu wa majuma mengi ya safari. Stanley mwenyewe alipita bonde la Semliki mwaka 1889 tu. Kwa hiyo sheria ilimdai mtu ushahidi wa siku ambayo hapakuwa na karani hata mmoja wa kuandika ushahidi huo.

Sisi Wanande hatukusumbuliwa sana. Tulipita bila karatasi ileile ambayo majirani zetu wa Masisi na Rutshuru wenye kusema Kinyarwanda walidaiwa kuionyesha. Mwaka 1991 serikali ilianza kazi ya kuwatambua raia katika Kivu Kaskazini, na kazi hiyo ikazusha ghasia. Mwaka 1993 damu ikamwagika Walikale na Masisi. Sheria ya 12 Novemba 2004 iliisogeza tarehe mpaka wakati wa uhuru, mwaka 1960. Lakini swali lenyewe halijaondoka midomoni mwa watu. Katika miaka ya 2015 na 2016 wakulima waliotoka kusini mwa mkoa wakielekea Ituri walizuiliwa njiani katika nchi yetu, na kuulizwa wao ni akina nani, tena wametoka wapi. Waliouliza walikuwa na hofu, kwa maana tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku na adui asiyejulikana uso. Hofu hiyo ninaielewa. Hata hivyo, muulizaji naye angeulizwa jina la babu yake wa 1885 na karatasi ya kulithibitisha, angebaki kimya kama wana wa Hakosi.

Basi, anayetaka kuwafikia mababu zake wa karne ya 19 katika jimbo letu la Butembo-Beni afuate njia gani?

Njia ya kwanza ni hesabu za wakoloni, nami nitazisema kwa kifupi kwa kuwa faida yake ni ndogo. Amri ya 2 Mei 1910 iliweka utaratibu wa sheferi, yaani maeneo ya mwami, na kumtaka kila mtu awe chini ya sheferi yake. Ndipo Bashu, Baswagha, Batangi na Bamate wakawa majina ya kiserikali. Hesabu zilifanywa ili kujua wanaume wazima wenye nguvu ni wangapi: wa kulipa kodi, wa kulima barabara, wa kubeba mizigo. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, mizigo hiyo ilibebwa mpaka Tabora. Wazee walifahamu upesi kwamba kalamu ya mzungu ilikuwa na kamba nyuma yake, na wengi walikimbilia msituni siku ya kuhesabiwa. Kijana asiyeliona jina la babu yake katika orodha ya zamani huenda anaona matokeo ya mama aliyemficha mwanawe. Tena karatasi hizo ziliwajali wanawake kidogo sana.

Njia ya pili iko karibu nanyi kuliko mnavyodhani: ni kabati la ofisi ya parokia. Tangu Mtaguso wa Trento, ambao mwaka 1563 uliwaamuru mapadri kuandika ndoa na ubatizo, Kanisa limekuwa likiandika kila mahali lilipofika, nayo Sheria ya Kanisa ya sasa, kanuni ya 535, inadai vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Kwetu Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu walifika Beni mwaka 1906, wakitokea upande wa Stanley Falls. Waasumpsionisti walikuja mwaka 1929, na mwaka 1938 Askofu Henri Piérard akawa Vikari wa Kitume wa kwanza wa Beni. Kwa haraka mtu atasema: vitabu vilivyoanza katika karne ya 20 vitatuambia nini juu ya karne ya 19?

Vinatuambia mengi, kwa sababu moja: hawakubatizwa watoto peke yao. Wazee nao waliingia ukatekumeni, na wengine walibatizwa na katekista wakiwa kitandani, karibu na kufa. Chukua mfano wa bibi aliyebatizwa mwaka 1935 akikadiriwa kuwa na miaka 60. Alizaliwa yapata 1875, kabla ya dola ya Leopold. Padri hakuandika jina lake tu. Aliandika pia jina la baba yake na la mama yake, wawe wamebatizwa au la. Wazazi hao walizaliwa pengine katika miaka ya 1850. Katika mstari mmoja wa Kilatini, kalamu imerudi nyuma miaka 80. Tena jina la mama limo, lile ambalo mtoza kodi hakuwa na haja nalo. Kwa wengi wetu, huo ndio ushahidi wa maandishi ulio wa kale kuliko wote, nao umo katika chumba kisichofunguliwa ila mtu anapotaka cheti cha kufunga ndoa.

Tazameni Mwenyeheri Isidore Bakanja, mlei mwenzetu aliyekufa kwa ajili ya skapulari mwaka 1909. Mwaka aliozaliwa haujulikani kwa hakika. Husemwa tu kwamba ni kati ya 1880 na 1890. Siku yake ya ubatizo inajulikana: 6 Mei 1906. Kanisa lilipomtangaza Mwenyeheri mwaka 1994, halikudai kwanza cheti cha kuzaliwa.

Vitabu hivyo, hata hivyo, si Injili. Masikio ya Ulaya yaliandika yalivyosikia: Baswaga hapa, Baswagha pale, Semliki na Semuliki. Waandishi wa maisha ya Mwenyeheri Anuarite husimulia kwamba Anuarite lilikuwa jina la dada yake, likaandikwa kwa makosa siku alipopelekwa shuleni, likabaki; nalo ndilo jina tunaloliita leo katika litania.

Kwa Wanande kuna mtego mkubwa zaidi. Majina yetu hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mwana wa kwanza ni Paluku, Mumbere au Nzanzu. Wa pili ni Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa nne Kakule. Na wasichana nao wana mpangilio wao. Jina hilo linakuonyesha kiti alichokalia mtu katika nyumba ya mama yake. Halikuambii yeye ni nani. Ukimkuta Kambale mwana wa Paluku katika kitabu cha 1934, usishangilie bado, maana katika kilima kilekile walikuwako wengine kumi. Tafuta jina la pili, ukoo, kilima, jina la mama, na msimamizi wa ubatizo, ambaye huenda akawa jamaa. Tena kumbuka kwamba mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, jambo lililomgombanisha na Kardinali Malula. Mtu aliyejulikana kwa jina la ubatizo katika kitabu cha parokia anaweza kutoonekana kabisa kwa jina hilo katika karatasi za serikali za miaka iliyofuata, naye ni yuleyule.

Hata kilima chenyewe kinaweza kudanganya. Katika bonde la Semliki watu walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na Hifadhi ya Albert, iliyoundwa mwaka 1925 na kupanuliwa baadaye, ilifunga ardhi ambayo familia zilikuwa zimezikia wafu wao. Upande wa mashariki, mapatano ya 1910 yaliweka mpaka juu ya Rwenzori, na ndugu waliobaki ng’ambo wakaitwa Wakonzo wa Uganda. Familia moja inaweza kuwa na babu Kasese na bibi Mutwanga.

Inabaki njia ya tatu, yaani wazee. Mzee hajui mwaka, lakini anajua mpangilio wa mambo: baba yangu alizaliwa kabla ya kodi, babu alikuwa kijana wakati Wangwana wenye bunduki walipotoka msituni kuteka watu. Hao Wangwana, tuseme pembeni, ndio walioleta huku lugha hii ninayoiandika. Historia haina aibu. Matukio hayo yanaweza kuwekwa karibu na tarehe zinazojulikana, na hivyo vizazi vikapata umri. Lakini mzee akisimulia bila kuharakishwa, atasema pia jambo lisilotajwa kwenye mkutano wa ukoo: kwamba bibi fulani alikuwa mateka aliyeolewa, kwamba tawi fulani walikuwa Bambuba au Bapere waliopokelewa, kwamba tulikuta Wambuti tulipoingia, nao wakatuonyesha njia. Mwanahistoria Randall Packard, aliyewachunguza Bashu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1981, alionyesha jinsi utawala wao ulivyojengwa na watu waliovuka Semliki wakichanganyika na waliowatangulia. Mathayo naye, akiandika nasaba ya Bwana, hakumwacha Rahabu wala Ruthu Mmoabu. Ukoo ambao haukuwahi kumpokea mgeni sijauona bado, na ninashuku orodha ya mababu isiyo na mgeni hata mmoja.

Kwa hiyo kikundi kitakachoanza kazi hii kimwombe Padri Paroko ruhusa ya kusoma vitabu vya zamani palepale ofisini, bila kuvitoa nje na bila kupiga picha kurasa za watu walio hai. Andikeni jina kama lilivyoandikwa, hata likionekana limekosewa. Pasipojulikana, acheni nafasi wazi. Msijaze kwa kubahatisha, wala kwa jina la mwami ili ukoo upendeze.

Wala msingoje ruhusa hiyo ndipo muwaendee wazee. Anzeni na wale waliokimbia Oicha, Eringeti na Mbau, wanaolala sasa kwa jamaa zao mjini. Wengi walifika na kitenge na mtoto mgongoni. Cheti cha ubatizo kiliteketea pamoja na nyumba. Wakeni kando yao jioni, kazi ikiisha, mkawaulize mama wa mama yao aliitwa nani na alizikwa wapi, na muandike jibu katika lugha ileile watakayoitumia, iwe Kinande, Kimbuba au Kitalinga.