Mafuta, Peleti na Darubini: Historia ya Usahihi wa Bunduki ya Upepo nchini Uingereza tangu 1904

1.0 Utangulizi

Historia ya silaha huandikwa mara nyingi kama historia ya nguvu. Mwanahistoria hufuatilia nani alirusha mbali zaidi, nani alitoboa chuma kinene zaidi, na dola ipi ilinufaika. Katika simulizi hiyo bunduki ya upepo ina nafasi ndogo. Jeshi la Austria liliipokea mnamo mwaka 1780, katika muundo wa fundi Girardoni uliobeba risasi zipatazo 20 kwa mara moja, lakini haikudumu jeshini. Tangu hapo maisha yake yamekuwa katika klabu, mashamba, kumbi za baa na bustani za nyuma ya nyumba, na huko ndiko suala la usahihi lilikolipiku suala la nguvu.

Makala haya yanachunguza jinsi usahihi huo ulivyotafutwa nchini Uingereza. Nchi hiyo imeteuliwa kwa sababu mahususi: sheria yake iliweka kikomo cha nguvu za bunduki za upepo, na wapenzi wa mchezo wakalazimika kutafuta ubora mahali pengine. Inashikiliwa hapa kwamba kikomo hicho ndicho kilichoyapa uzito mambo mawili yaliyodhaniwa kuwa ya pembeni, yaani mafuta yanayogusana na risasi na kioo kinachofungwa juu ya mtutu.

Ufafanuzi wa istilahi unahitajika kabla ya kuendelea. Katika Kiswahili neno risasi hutaja madini na pia kitu kinachorushwa na bunduki. Kwa bunduki ya upepo utata huo una ukweli ndani yake, kwa kuwa kinachorushwa ni kipande kidogo cha madini hayo laini. Ili msomaji asichanganyikiwe, kipande hicho kitaitwa peleti, na jina risasi litabaki kwa madini.

2.0 Kengele ya Birmingham

Mwaka 1904 fundi bunduki wa Birmingham, Lincoln Jeffries, alipata hataza ya bunduki ya upepo iliyotumia springi na pistoni, na mwaka uliofuata kiwanda cha BSA mjini humo kikaanza kuitengeneza. Kabla ya hapo bunduki nyingi za aina hiyo zilichukuliwa kama vitu vya kuchezea. Mtutu wa Jeffries ulikuwa na mifereji iliyosokotwa kwa umakini kama ile ya bunduki za baruti, na ulihitaji peleti itakayokamata mifereji hiyo.

Peleti iliyokuja kutawala ina kichwa kigumu kiasi, kiuno chembamba kama cha nyigu, na sketi iliyo wazi kwa nyuma. Hewa inapoisukuma, sketi hutanuka na kubana kuta za mtutu, hivyo hewa haipenyi pembeni. Ikiisha kutoka, uzito wake ulioelemea mbele na ukinzani wa hewa kwenye sketi huisaidia isiyumbe. Umbo hilo halijabadilika sana hadi leo. Jambo moja katika umbo hilo litakuwa na athari kubwa katika sehemu zinazofuata: sketi ni nyembamba mno, na dosari ndogo juu yake hubadilisha njia ya peleti.

Mchezo uliozieneza bunduki hizo miongoni mwa wafanyakazi wa maeneo ya kati ya Uingereza ulikuwa wa shabaha ya kengele. Bamba la chuma liliwekwa katika ukumbi wa baa, umbali wa takriban yadi 6 au 7 kutoka kwa mlengaji. Katikati yake palikuwa na tundu lenye kipenyo cha theluthi moja na ushee ya inchi, yaani karibu milimita 9.5, na nyuma ya tundu ilining'inizwa kengele. Peleti iliyopita katikati iliipiga kengele, na ukumbi mzima ukasikia. Katika umbali huo hakuna aliyehitaji darubini. Palihitajika jicho, pumzi iliyotulia na bunduki inayorudia tendo lilelile kila inapofyatuliwa. Kurudia huko ndiko kulikokuwa kugumu, na chanzo cha ugumu kilikuwa mafuta.

3.0 Mafuta yanayowaka

Pistoni za bunduki za zamani zilizibwa kwa ngozi. Ngozi ikikauka husinyaa na kupitisha hewa, kwa hiyo mwenye bunduki alifundishwa kuitia mafuta mara kwa mara. Wengi walitia kupita kiasi. Pistoni ilipokimbia mbele, hewa ilibanwa ghafla na kupata joto kali, na ukungu wa mafuta uliokuwamo ukawaka kama dizeli inavyowaka ndani ya injini isiyo na plagi. Ishara zake zilijulikana na kila mtumiaji: mlio mkali, moshi mwembamba mdomoni mwa mtutu, harufu ya mafuta yaliyoungua. Peleti ilikwenda kasi kuliko kawaida, iliyofuata ikaenda polepole, na zote mbili zikakosa mahali palipolengwa.

Kwa miongo mingi mwako huo ulichukuliwa kuwa ajali ya bunduki iliyotunzwa vibaya. Mtazamo huo ulitikiswa na G. V. Cardew na G. M. Cardew, ambao matokeo ya majaribio yao yalianza kuchapishwa katika kitabu mwaka 1976. Katika jaribio lao mashuhuri zaidi, bunduki ya springi ya Kijerumani, HW35, ilifyatuliwa katika hewa ya kawaida, kisha katika naitrojeni, gesi isiyowezesha mwako. Katika hewa ya kawaida peleti ilizidi futi 600 kwa sekunde. Katika naitrojeni ilishuka hadi zaidi kidogo ya futi 400. Ilibainika kwamba bunduki yenye nguvu ya aina hiyo huchoma mafuta kidogo kila inapofyatuliwa, hata ikiwa katika hali nzuri. Swali la mtaalamu likabadilika. Mwako usingeweza kuondolewa pasipo kupoteza kasi. Kilichowezekana ni kuufanya uwe uleule kila mara.

Wakati huohuo mafuta yalikuwa yameshakuwa suala la kisheria. Kanuni za mwaka 1969, zilizotungwa chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968, ziliweka kikomo cha futi-ratili 12 kwa bunduki ndefu ya upepo, sawa na jouli 16 na ushee, na futi-ratili 6 kwa bastola. Bunduki iliyozidi kiwango hicho ilihesabiwa kuwa hatari kwa namna ya pekee, na kuimiliki bila cheti cha polisi kukawa kosa la jinai. Kanuni zilitazama nishati ambayo silaha inaweza kuitoa. Mtu aliyenunua bunduki halali ya futi-ratili 11.5, kisha akadondosha mafuta mepesi kwenye tundu la hewa au akapaka peleti zake kwa wingi, aliweza kuivusha mstari pasipo kukusudia. Tone la mafuta lilikuwa na uwezo wa kumtia mtu hatiani. Katika historia ya michezo ni nadra kukuta kilainishi chenye madhara ya aina hiyo.

Watengenezaji walijibu kwa njia mbalimbali. Ngozi iliachia nafasi sili za plastiki zisizohitaji kutiwa mafuta mara kwa mara. Grisi yenye molibdeni ilitumika kwenye springi na pistoni kwa kiasi kidogo, kwa kuwa hukaa mahali pake. Mafuta ya silikoni, yasiyowaka kwa urahisi, yalipendekezwa kwa sili; hata hivyo ni dhaifu pale chuma kinaposugua chuma, na waliyoyamimina kwenye springi waliikwaruza.

Kuhusu peleti zenyewe, desturi iliyoshika mizizi miongoni mwa washindani ni ya uangalifu unaokaribia ibada. Peleti huoshwa kuondoa vumbi na mabaki ya kiwandani, hukaushwa, hupimwa uzito kwa mizani ndogo, kisha huviringishwa katika kopo lenye matone machache ya mafuta au nta. Sababu zinazotolewa ni tatu: risasi isiache utando ndani ya mtutu, peleti zisiote ungaunga mweupe zikihifadhiwa, na kila peleti ikutane na mtutu katika hali ileile. Sababu ya kwanza ina nguvu zaidi kwa bunduki za kasi kubwa, ambazo kikomo cha Uingereza kimezizuia kwa watu wengi. Ya tatu ndiyo yenye uzito. Faida ya mafuta iko katika usawa wake, na mtu anayepaka leo na kuacha kesho ana matokeo mabaya kuliko asiyepaka kabisa. Kwa bunduki zinazotumia hewa iliyokwisha kubanwa ndani ya tangi, ambazo zilianza kutawala mashindano katika miaka ya 1980, tishio la mwako nyuma ya peleti limetoweka, kwa kuwa hewa inayotanuka hupoa badala ya kupata joto.

4.0 Darubini iliyogeuka kipimo

Darubini za mwanzo zilizofungwa kwenye bunduki za upepo zilikuwa za aina mbili, na zote hazikufaa. Zile za bei nafuu, zenye bomba la milimita 15, zilipitisha mwanga hafifu. Zile nzuri zilitengenezwa kwa ajili ya bunduki za baruti, na bunduki ya springi ilizivunja. Jambo hilo liliwashangaza wanunuzi: iweje silaha dhaifu iharibu kifaa kilichohimili silaha kali? Jibu liko katika mwendo wa pistoni. Inapokwenda mbele, bunduki hurudi nyuma. Pistoni inapofika mwisho na kusimama ghafla, bunduki husukumwa mbele. Darubini ya bunduki ya baruti iliimarishwa dhidi ya mshtuko wa upande mmoja tu. Ikipokea wa pili, vioo vililegea na mistari ya msalaba ikakatika. Darubini nzima pia iliteleza kwenye reli yake, mpaka vikatengenezwa vishikizo vyenye pini ya kuizuia.

Tatizo la pili lilikuwa paralaksi. Darubini nyingi za bunduki kubwa zilirekebishwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100. Kwa shabaha ya yadi 20 taswira haikukaa sawa na mistari ya msalaba, na jicho likisogea kidogo, mistari nayo ilionekana kuhama juu ya shabaha. Hivyo mlengaji wa bunduki ya upepo alihitaji darubini ambayo kioo chake kingeweza kurekebishwa kwa umbali mfupi.

Rekebisho hilo lilipata matumizi mapya baada ya mwaka 1980, mashindano ya shabaha za uwandani yalipoanza katika kijiji cha Magham Down, Sussex Mashariki. Shabaha ni sanamu za wanyama za bati, kila moja ikiwa na tundu dogo ambalo peleti lazima ilipite ili sanamu ianguke. Zimetawanywa vichakani kutoka yadi 8 hadi 55, na mshindani haambiwi umbali wala haruhusiwi kubeba kipima umbali. Peleti ya milimita 4.5 yenye uzito wa greni 8.4, ikirushwa ndani ya kikomo cha sheria, haizidi sana futi 790 kwa sekunde, na huporomoka upesi. Karibu na yadi 50, kukosea umbali kwa yadi 5 huipotosha peleti kwa takriban sentimita 3. Tundu la milimita 40 halisamehe kosa hilo. Ndiyo maana washindani waliiacha peleti ya milimita 5.5, iliyo nzito na yenye mwendo wa pole, ingawa wawindaji waliendelea kuipenda.

Walengaji waligundua kwamba darubini yenye ukuzaji mkubwa huonyesha taswira safi katika umbali mmoja tu kwa kila rekebisho. Basi wakapima kila yadi nyumbani, wakaandika alama kwenye gurudumu la rekebisho, na uwanjani wakazungusha hadi manyoya ya rangi kwenye sanamu yaonekane bayana. Darubini ilikuwa imekuwa rula. Ukuzaji ulipanda hadi mara 40 na zaidi, magurudumu yakafikia ukubwa wa sahani, na udhaifu mpya ukajitokeza: joto la mchana huhamisha alama, kwa hiyo kipimo cha asubuhi hakiaminiki saa nane.

Mashindano ya Olimpiki yalifuata njia nyingine kabisa. Bunduki ya upepo ya mita 10 iliingizwa Los Angeles mwaka 1984, na darubini hairuhusiwi humo hadi leo. Alama kumi ni doa la nusu milimita linalolengwa kupitia tundu. Nchini Uingereza kwenyewe lilizuka tawi la uwandani ambalo mshindani haruhusiwi kugusa rekebisho la darubini tangu shabaha ya kwanza hadi ya mwisho. Huko darubini ya ukuzaji wa mara 8 au 10 inatosha, na umbali hukadiriwa kwa macho kwa kutazama ukubwa wa tundu, kiwango cha ukungu katika taswira na mteremko wa ardhi.

Bunduki za springi hazikutoweka. Zimetengewa daraja lao katika mashindano ya uwandani, na katika daraja hilo masuala yote mawili yaliyojadiliwa hukutana kwenye chombo kimoja: fundi huhesabu grisi kwa ncha ya kijiti, kisha hukaza vishikizo vya darubini itakayopokea mshtuko wa pande mbili mara kadhaa kwa siku.