Tuzo za Muziki Tanzania: Historia, Washindi na Nafasi ya Wasanii wa Wilayani

Tuzo za Muziki Tanzania (TMA) ni tuzo za kitaifa zinazosimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), chombo cha Serikali kilichoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Tuzo hizo zilianzishwa mwaka 1999 na kwa miaka mingi zilifahamika kama Tuzo za Kili, kutokana na udhamini wa bia ya Kilimanjaro.

Miongoni mwa washindi wanaokumbukwa ni msanii 20 Percent, aliyetwaa tuzo 5 mwaka 2011, na Diamond Platnumz, aliyeondoka na tuzo 7 katika hafla ya Mei, 2014 iliyofanyika Mlimani City, Dar es Salaam. Mwaka 2015 wimbo "Mwana" wa Alikiba ulitangazwa kuwa wimbo bora wa mwaka.

Baada ya hafla hiyo tuzo zilisimama. Wasanii walioanza kazi katika kipindi hicho walikua bila jukwaa la kitaifa la kupimwa na kutambuliwa, hadi Serikali, kupitia BASATA, ilipozirejesha Aprili 2, 2022 katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam. Alikiba aliongoza kwa kupata tuzo 5, na albamu yake "Only One King" ilichaguliwa kuwa albamu bora. Hafla zilizofuata, za mwaka 2023 na 2024, zilifanyika Super Dome, Masaki.

Tuzo hizo hazihusu Bongo Fleva pekee. Taarabu, muziki wa dansi, singeli, hip hop na muziki wenye asili ya Kitanzania navyo vimekuwa na nafasi yake. Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa maeneo kama Nyamwaga, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime mkoani Mara, ambako Wakurya wamerithishana upigaji wa iritungu, zeze kubwa lenye nyuzi nane.

Hata hivyo, majaji na wananchi wanaopiga kura hupima kazi iliyowasilishwa. Mpigaji hodari anayetumbuiza katika harusi na sherehe za kimila, lakini hajarekodi wala kuwasilisha wimbo wake dirisha linapofunguliwa, hawezi kuingia katika kinyang'anyiro.

Kwa sababu hiyo, msanii wa wilayani anapaswa kujisajili BASATA, kurekodi kazi yake, kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ili kulinda haki zake, na kufuatilia matangazo ya dirisha la uwasilishaji. Afisa Utamaduni wa halmashauri ndiye mtumishi wa karibu anayeweza kumwelekeza katika hatua hizo.