Chakula cha Mbwa Wadogo Wenye Tumbo Nyeti: Historia Yake

Kwa zaidi ya miaka 2,000, wafugaji wamewachanganyia mbwa nafaka, maziwa na nyama. Mwandishi wa Kirumi Marcus Terentius Varro, katika kitabu chake cha kilimo cha mwaka 37 kabla ya Kristo, aliagiza mbwa wa kulinda mifugo wapewe mkate wa shayiri uliolowekwa kwenye maziwa. Alikataza wasilishwe nyama ya kondoo waliokufa, wasije wakaizoea ladha yake na kuanza kuwala kondoo wanaowalinda. Mrumi mwenzake Columella, katika karne ya 1 baada ya Kristo, alipendekeza unga wa shayiri uliokorogwa na maji ya maziwa yanayobaki baada ya jibini kuganda. Kwenye mashamba yasiyo na malisho, alishauri mkate wa ngano ulainishwe kwa maji vuguvugu ya kuchemshia maharagwe.

Chakula cha pekee kwa mbwa mgonjwa nacho kina umri mkubwa. Gaston Phébus, mtawala wa Foix kusini mwa Ufaransa, alianza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwaka 1387. Kwa kawaida mbwa wa kuwinda walipewa mkate wa pumba pamoja na sehemu ya nyama ya windo. Aliyeugua alitengewa maziwa ya mbuzi, mchuzi wa maharagwe, nyama iliyokatwakatwa au mayai yaliyopikwa kwa siagi. Daktari wa leo angeiondoa siagi na kuyatilia shaka maziwa, kwa kuwa mbwa wengi wakubwa hawayamudu vizuri. Hata hivyo, kanuni ya Phébus imebaki: tumbo lililovurugika hupewa chakula laini, kidogo, chenye protini isiyolichosha.

Mbwa wadogo walikuwa na shida ya namna nyingine. Mbwa wa shamba alikula alichotengewa, ilhali mbwa wa sebuleni alionjeshwa kila kilichofika mezani, kuanzia mafuta ya nyama ya kuoka hadi keki. Waganga wa wanyama wa Uingereza katika karne ya 19 waliwaona mara kwa mara mbwa wa namna hiyo, wanene na wenye matumbo yasiyotulia. Delabere Blaine, aliyechapisha kitabu cha maradhi ya mbwa mwaka 1817, alichunguza meno na viungo vya kumeng'enyea chakula, akahitimisha kwamba mbwa hakuumbwa kula nyama peke yake wala mimea peke yake. Kwa hoja hiyo, mchanganyiko uliotokana na mazoea ya wakulima ulipata msingi katika elimu ya mwili.

Mjini London wakati huo chakula cha mbwa na paka kiliuzwa mlango kwa mlango. Henry Mayhew, katika uchunguzi wake wa maisha ya maskini wa mji huo uliotoka mwaka 1851, aliwaeleza wachuuzi waliozunguka na nyama ya farasi iliyochemshwa. Waliiuza kwa peni mbili na nusu kwa ratili, au kwa vipande vidogo vilivyochomekwa kwenye vijiti. Nyama hiyo ilitoka kwenye machinjio ya farasi waliochakaa kwa kazi, na hali yake haikuwa sawa siku zote.

Badiliko kubwa lilikuja miaka ya 1860. James Spratt, Mmarekani aliyekuwa akifanya biashara Uingereza, alianza kuuza biskuti za mbwa zilizotengenezwa kwa unga wa ngano, mboga, bitiruti na nyama iliyokaushwa. Biskuti hizo zilikaa muda mrefu bila kuharibika, na iliyonunuliwa leo ilifanana na ya mwezi uliopita. Kwa mbwa ambaye tumbo lake huvurugika kila chakula kinapobadilika, kufanana huko kulikuwa faida halisi. Charles Cruft, aliyeajiriwa na kampuni ya Spratt akiwa kijana, ndiye aliyeanzisha mwaka 1891 maonyesho ya mbwa ambayo mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Maonyesho ya aina hiyo yaliwapa wauzaji wa biskuti soko la wafugaji waliokuwa tayari kulipia chakula maalumu.

Marekani, chakula cha kopo kilienea kuanzia mwaka 1922, pale chapa ya Ken-L Ration ilipoanza kuuza nyama ya farasi kwa ajili ya mbwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, bati na nyama vilihitajika vitani, na wenye mbwa wakarudi kwenye chakula kikavu. Mwaka 1957 kampuni ya Purina iliingiza sokoni chakula cha punje kilichotengenezwa kwa njia mpya: unga wa nafaka na nyama uliosukumwa ndani ya mtambo wenye joto na shinikizo, ukatoka umefutuka. Joto hilo huivisha wanga, na wanga ulioiva humeng'enywa kwa urahisi kuliko ulio mbichi. Hadi leo, wenye mbwa wadogo huchanganya punje kavu na chakula cha kopo, wakipata wepesi wa kupima kutoka upande mmoja na maji mengi kutoka upande wa pili.

Chakula kama sehemu ya tiba kilipata msukumo kutokana na mbwa mmoja. Mwaka 1939 Morris Frank, Mmarekani asiyeona, alimpeleka Buddy, mbwa wake wa kumwongoza, kwa daktari Mark Morris huko New Jersey. Buddy alikuwa na maradhi ya figo. Daktari huyo alimtungia chakula chenye protini chache lakini bora, pamoja na chumvi kidogo, na hali yake ikapata nafuu. Mwanzoni Mark Morris na mkewe Louise walikipika chakula hicho nyumbani na kukihifadhi kwenye chupa za vioo. Chupa zilikuwa zikivunjika njiani, ndipo wakahamia kwenye makopo. Mwaka 1948 alikubaliana na kiwanda cha Hill kilichoko Topeka, Kansas, kimtengenezee. Baada ya chakula cha figo vilifuata vya maradhi mengine, yakiwemo ya utumbo.

Elimu ya ukubwa wa mwili nayo ilikuwa ikikua. Mwaka 1932 mtafiti Max Kleiber alionyesha kwamba mahitaji ya nishati hayapandi sambamba na uzito. Kwa kanuni inayotumiwa leo, mbwa wa kilo 4 aliyetulia huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku, na wa kilo 40 huhitaji kama 1,100. Kwa hiyo kila kilo ya mbwa mdogo inadai karibu mara mbili ya nishati, ingawa jumla yake ni ndogo sana. Kipande cha jibini cha gramu 30 kina kilokalori zipatazo 120, yaani zaidi ya nusu ya hesabu ya siku ya mbwa wa kilo 4. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini vionjo vya mezani viliwadhuru mbwa wa sebuleni kuliko wenzao wakubwa.

Utafiti wa baadaye ulibainisha udhaifu wa aina mbalimbali za mbwa. Miniature Schnauzer wana mwelekeo wa kuwa na mafuta mengi kwenye damu na kupata uvimbe wa kongosho, na Yorkshire Terrier wamo miongoni mwa wanaopatwa zaidi na maradhi ya utumbo yanayopoteza protini. Kwao kupunguza mafuta ni jambo la kwanza. Wengine hudhurika na protini fulani, kama ya ng'ombe au kuku. Daktari huwapa kwa wiki kadhaa protini ambayo hawajawahi kula, au protini iliyovunjwavunjwa kiasi kwamba kinga ya mwili haiitambui.

Katika miaka ya 1990 iliibuka harakati ya kurudi kwenye nyama mbichi na mifupa, ikipewa nguvu na kitabu cha daktari wa Australia Ian Billinghurst cha mwaka 1993. Makopo na punje zilizochafuliwa kwa kemikali ya melamini, zilizoondolewa sokoni Amerika Kaskazini mwaka 2007, ziliongeza hofu ya chakula cha kiwandani, na vyakula visivyo na nafaka vikashamiri. Lakini mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Sweden walionyesha kwamba mbwa mwitu wa kijivu, ndugu wa karibu wa mbwa wa kufugwa, wana nakala 2 za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga, wakati mbwa wa kufugwa wana kati ya 4 na 30. Miaka elfu nyingi ya kuishi kando ya mashamba na majiko imeandikwa katika damu yao. Nafaka iliyoiva si sumu kwao.

Ushauri wa sasa umejengwa juu ya historia hiyo yote. Msingi ni chakula kamili cha mbwa mdogo chenye protini inayomeng'enywa kwa urahisi, kama kuku, samaki au yai, pamoja na wali au viazi, mafuta ya kiasi na nyuzinyuzi kidogo kama za boga lililopikwa. Hugawanywa mara 3 au 4 kwa siku. Chakula kipya huingizwa polepole kwa muda wa wiki moja, na vionjo havizidi sehemu ya 10 ya nishati ya siku. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mbwa hupewa ugali na dagaa au matumbo, mchanganyiko ambao Columella angeuelewa. Ukikusudiwa kuwa mlo wa kila siku, unahitaji kusawazishwa madini na vitamini kwa msaada wa daktari wa mifugo, na usitiwe kitunguu wala chumvi nyingi. Kuhara kunakoendelea, damu kwenye kinyesi, kutapika kusikokoma au kukonda ni dalili za ugonjwa, na ugonjwa huchunguzwa kwanza ndipo chakula kichaguliwe.