Nta na Mninga, Ndugu wa Msitu Mmoja

Meza ya mninga inayotoka leo kwenye karakana ya Mkolani, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga, kwa kawaida hupakwa vanishi ya kopo, si nta. Lakini misitu ya miombo ya Unyamwezi, unakovunwa mninga, ndiyo iliyoipa Tabora sifa ya asali na nta. Mbao ilifika Mwanza. Nta ikapita njia nyingine.

Wanyamwezi walitundika mizinga ya magogo na ya magome juu ya miti. Asali ikishakamuliwa, masega huchemshwa kwa maji na kuchujwa, kisha nta huelea na kuganda. Enzi za Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa za kuuza ng'ambo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kuja Mwanza likakamilika mwaka 1928, hivyo njia ya kuleta nta Mwanza ilikuwapo. Lakini hata wafugaji nyuki wa Tabora walipoanzisha chama chao cha ushirika mwaka 1962, soko kubwa la nta lilibaki nje, kwenye mishumaa, vipodozi na polishi ya samani. Mafundi wa Mwanza waliuziwa shelaki ya India, baadaye vanishi ya viwandani.

Huku Mwanza, Usukumani, kiti kilistahili zaidi ya vanishi, kwa kuwa kilikuwa alama ya utawala wa mtemi. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada, yana jengo la watemi lenye umbo la kiti cha enzi.

Kazi ya kupaka kiti nta huanzia kwenye randa na msasa, wa kukwaruza kwanza, laini mwishoni, hadi kiganja kisikwaruzwe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo chombo chake huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikishaepuliwa mbali na moto, huchanganywa na tapentaini hadi iwe kama siagi. Fundi huipaka kwa kitambaa cha pamba, tabaka jembamba, akifuata nyuzi za mbao. Huiacha ikauke, kisha husugua kwa kitambaa safi. Wekundu wa mninga hukolea, na mkono hugusa mti wenyewe.

Nta haipendi kikombe cha moto wala maji yanayotuama, hivyo meza ya mgahawa iachiwe vanishi. Kwa kiti, kabati na kitanda, nta inafaa sana: vanishi ikibanduka hukwanguliwa, lakini nta ikififia, mwenye nyumba hupaka nyingine mwenyewe. Mninga umevunwa mno, na kiti kinachotunzika nyumbani huchelewesha kukatwa kwa mti mwingine. Fundi wa Mkolani akinunua nta ya Tabora, humpa mfugaji nyuki sababu ya kuulinda msitu unaowalisha wote wawili.