Trela, Bodi na Kujitegemea: Fundisho la Kibaha

Historia ya viwanda si historia ya mashine peke yake. Ni historia ya watu kuijua kazi au kubaki wanunuzi wa kazi ya wengine. Jambo hili tunaweza kulichunguza Kibaha, mkoani Pwani, ambako leo Zegereni ni eneo la viwanda.

Tuanze na barabara. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao haramu. Zambia, iliyotegemea njia za kusini, ikalazimika kuelekea Dar es Salaam. Kabla ya bomba la TAZAMA kukamilika mwaka 1968, na kabla ya reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, mafuta mengi yalibebwa na malori katika barabara ya vumbi na tope. Ikadhihirika kwamba ukombozi wenyewe unahitaji magurudumu.

Azimio la Arusha la 1967 lilitaka tujitegemee, na mkakati wa viwanda mama wa mwaka 1975 ulitaka tuzalishe mahitaji yetu kwa rasilimali zetu. Kibaha ikapata njia mbili. Ya kwanza ilikuwa TAMCO, kiwanda kilichounganisha malori ya Scania kwa sehemu zilizotoka ng'ambo. Ya pili ilikuwa Nyumbu, mradi wa Jeshi uliofanywa shirika mwaka 1985, uliojaribu kusanifu na kuunda lori letu wenyewe.

Njia zote mbili zilikutana na ukweli mchungu. Vita vya Kagera vya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta vilikausha fedha za kigeni. Kiwanda cha kuunganisha kisichopata makasha kutoka melini hugeuka ghala. Kazi ya TAMCO hatimaye ilisimama. Nyumbu nayo ilithibitisha kwamba vijana wetu wanaweza kuunda gari, lakini haikufikia kuzalisha kwa wingi.

Je, hapakuwa na ngazi kati ya kuunganisha na kuunda lori zima? Ipo: trela na bodi. Trela halina injini wala giaboksi. Fundi hukata mabapa ya chuma, huyachomelea kuwa maboriti mawili marefu, na kuyapa mgongo kidogo ili yakibeba mzigo yanyooke. Huyafunga kwa vyuma vya kukingama, huweka pini ya kushikana na kichwa cha lori, miguu ya kusimamia, springi na ekseli. Kisha hupitisha mabomba ya upepo wa breki, husafisha kutu, hupiga rangi. Yote haya yaweza kufanyika chini ya paa moja. Faida yake ni kwamba mchomeleaji, mchoraji na mkaguzi hukutana kila siku. Trela likirudi na ufa, kosa hurekebishwa kwenye mchoro na halisafiri hadi nchi nyingine kutafuta jibu.

Lakini tusijidanganye. Ekseli, matairi na valvu za breki zikiagizwa kutoka nje, na bapa lenyewe likiagizwa pia, kilicho chetu ni jasho na maarifa tu. Maarifa hayo ni mtaji, ila hayatoshi. Chuma cha Liganga, kule Ludewa, kimekaa ardhini miongo mingi huku tukinunua chuma cha wenzetu. Hapo ndipo penye mapambano.

Kwa hiyo kada anapotembelea kiwanda cha magari asiridhike na rangi mpya langoni. Aulize: mchoro ni wa nani? Kipi kitasimama meli isipofika? Kijana aliyeingia jana akiwa kibarua, leo amejifunza nini? TAMCO haikukosa majengo wala wafanyakazi. Ilipungukiwa na uwezo wa kuendelea bila makasha ya wengine. Tukijenga viwanda vipya Zegereni na kwingineko bila kuuliza maswali hayo, tutakuwa tumerudia kosa ambalo tayari tumelilipia.