Kidari Kinapoachia

Kwetu Kilema, anayechinja mbuzi anakijua kidari. Wapasuaji walichelewa kukizoea. Mwaka 1897, misheni ya Kilema ikiwa na miaka saba hivi, daktari Mwingereza Herbert Milton, akifanya kazi Cairo, alieleza namna ya kupasua kidari katikati ili kufika ndani ya kifua. Afrika hiyo, jamani! Njia ikalala mpaka 1957, Ormand Julian na wenzake wa Chicago walipoifufua kwa ajili ya moyo.

Shida ni kukifunga. Mfupa hushonwa kwa waya, lakini mgonjwa anapumua, anakohoa, anajigeuza kitandani. Vijidudu vikiingia, mfupa hulainika, waya huukata, jeraha huachia. Na moyo uko hapo hapo chini.

Kilichonivutia mimi ni jibu lilivyochelewa. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani walivuta utando wa mafuta wa tumboni kujaza shimo. 1980 Jurkiewicz na wenzake wa Atlanta wakageuza misuli ya kifua. Mfupa uliooza unatolewa, nyama yenye mishipa yake inalazwa pale. Damu ndiyo hubeba kinga na dawa. Waya mpya peke yake haufui dafu.

Siku hizi mtu wa Kilema anaweza kupasuliwa moyo Dar es Salaam, Taasisi ya Jakaya Kikwete, kisha akarudi mlimani, zaidi ya kilomita 500. Kidonda kikianza kutoa maji, au mfupa ukialika anapokohoa, wa kwanza kujua ni mke anayembadilishia shati, na basi la Dar huondoka alfajiri.