Hisabati ya SAT: namna ya kupandisha alama



Wazazi ambao watoto wao wanaomba vyuo vya Marekani hutuuliza kuhusu mtihani wa SAT, khasa sehemu ya hisabati. Kwanza hakikisheni kuwa chuo mnachokiomba kinautaka. Vingi haviulazimishi, MIT kinaulazimisha.

Hisabati ina masuali 44, mafungu mawili ya masuali 22, kila fungu dakika 35. Alama huanzia 200 hadi 800. Mtihani hufanywa kwenye kompyuta, na fungu la pili huja jepesi au gumu kwa kutegemea mtoto alivyojibu la kwanza. Aliyepewa jepesi hafiki tena alama za juu kabisa, hata akilijibu lote sawasawa. Kwa hivyo pupa katika fungu la kwanza ni ghali mno.

Na makosa mengi ya pupa si ya kutojua hesabu. Ikiwa 3x − 5 = 16, 2x ni ngapi? Mtoto anapata x = 7, anaiona 7 miongoni mwa majibu, anaichagua. Jibu ni 14. Au kanzu ya shilingi 40,000 imepandishwa bei kwa asilimia 20, kisha ikapunguzwa kwa asilimia 20. Hairudi 40,000, inakuwa 38,400, kwani punguzo limehesabiwa kwenye 48,000. Mtoto azowee kuisoma tena sentensi ya mwisho ya suali kabla ya kuchagua.

Takriban asilimia 70 ya masuali ni aljebra, ya kawaida na ya juu. Jometri na trigonometria ni kama asilimia 15 tu, basi mwenye miezi miwili asiimalize kwenye duara na pembetatu. Ndani ya mtihani kimo kikokotoo cha Desmos kinachochora grafu: andika milinganyo miwili, soma jibu pale mistari inapokatana. Lakini akizowee nyumbani kwanza.

Jibu la makosa halipunguzi alama, hivyo suali lisiachwe tupu. Linalokula dakika tatu alipite, alirejee kabla ya fungu kwisha.

Programu ya mtihani, Bluebook, ina majaribio ya bure, na Khan Academy nayo ina mazoezi ya bure. Bluebook haifanyi kazi kwenye simu. Tafuteni kompyuta mapema, hata ya kuazima. Kila baada ya jaribio aandike daftarini makosa yake na sababu ya kila kosa. Anayekimbilia jaribio jipya bila ya hayo anazunguka pale pale.

Ama kununua mtihani unaodaiwa kuvuja, huo ni udanganyifu na ni haramu, hata kama fedha ni za halali na nia ni kusoma. Isitoshe, College Board hufuta alama za anayegundulika.

SAT hufanyika mara kadhaa kwa mwaka. Mkiweza, chagueni tarehe isiyoangukia Ramadhani, kwani mtihani peke yake si udhuru wa kuacha funga.